Festo Alikuwa Nyasi

Uhuru ulipokaribia, wazungu wa Bukoba waligawa vitu vyao harakaharaka. Mpishi alipata kitanda cha chuma. Dereva alipata taa ya karabai na viatu vya mvua. Dobi, ambaye hakujua kusoma, alipata kabati la vitabu lisilo na kitabu hata kimoja, akalifanya banda la kuku. Shangazi yangu, aliyeitunza bustani ya mama mmoja wa kizungu kando ya ziwa tangu ujana wake hadi mvi za kwanza, alipata nyasi.

Sisemi kwa fumbo. Alipewa nyasi, ndani ya kopo la biskuti lililotobolewa kitako kwa msumari.

Inabidi uwe umelelewa kwetu ili tusi hili likufike vizuri. Kwetu mtu hupanda mgomba, hupanda kahawa, hupanda maharage katikati yake. Nyasi zinajiotea zenyewe kwenye rweya, ule uwanda wa mawe na upepo ulio nje ya vibanja vyetu vya migomba, na kazi yako nazo ni kuzikata. Unazikata, unazifunga mzigo, unazitandaza chini ya migomba ili udongo usikauke, au sakafuni ili mgeni akanyage pasafi. Mtu anayezipanda nyasi, akazipalilia, akazitafutia kivuli cha mchana, huyo ndugu zake hukaa kikao.

Shangazi alishuka kwenye lori pale Muleba na kopo lake mikononi, akaja kwa miguu hadi Kishanda, kwa baba yangu, ambaye ni kaka yake. Baba alimpokea kwa heshima zote, akamwuliza amebeba nini.

"Festo," akajibu.

Yule mama wa kizungu alikuwa amemtajia jina la mmea, jina refu la kitabuni, na shangazi alilisikia kwa masikio ya Mkatoliki wa Kihaya. Kila kigango kwetu kina Festo wake, mara nyingi wawili. Kwa hiyo zile nyasi zikaitwa Festo tangu siku hiyo, na jina la mtu likazaa mambo ya watu.

Mimi, binti wa kaka yake, nilikuja kuwa mwalimu wa Kiswahili, na nimewafundisha watoto wa wenzangu mpaka koo likakauka kwamba nyasi ni "zi": nyasi zimeota, nyasi zimenyauka. Shangazi hakuwahi kuzitia nyasi zake katika ngeli hiyo hata siku moja. Festo ameamka vizuri. Festo hataki maji. Festo ananuna. Ukimsikia kwa mbali hukuwa na namna ya kujua kwamba anazungumzia kitu kinachoweza kuliwa na mbuzi.

Asije mtu akadhani alikuwa mama mpole mwenye hekima. Alikuwa na majivuno, na ulimi wa kukunyoa bila maji. Aliwahi kuolewa, na ndoa ile ilikwisha kabla sijazaliwa. Kila upande ulidai ndio uliomfukuza mwenzake. Alikuwa mrefu, alijua kwamba ni mrefu, na Kiswahili chake alikiokota kwa majirani zake Waislamu wa mjini Bukoba, kwa hiyo kilikuwa kizuri kuliko cha walimu wangu wote. Hilo nalo alilijua.

Lakini kwa desturi ya Kihaya hakuwa na pa kukaa. Hilo ndilo jambo lenyewe, na mengine yote ninayosimulia yananing'inia hapo. Mwanamke ukiolewa unakaa kwa mume, ukirudi unakaa kwa kaka, ukizeeka unakaa kwa mwanao, na ukiwa huna mwana unakuwa mgeni wa ukoo hadi siku unapofukiwa pembeni mwa migomba ya mtu. Baba alimpa chumba cha uani, alichochangia na magunia ya kahawa. "Dada, hapa ni kwako," alimwambia. Kila msimu wa kahawa dada alisogezwa na magunia yakaongezwa. Alichotaka shangazi ni kulala, na hatimaye kuzikwa, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia asogee.

Festo naye alisumbuka. Shangazi alimpanda kwanza kibanjani, kwenye udongo mweusi wa samadi na majivu ambao Mhaya angeuonea fahari hata mbele ya Mungu. Mvua zetu unazijua. Zikianza hazina adabu. Festo akalowa, akalegea, akawa wa njano, na siku shangazi alipomchimbua akakuta nusu ya mizizi imekuwa uji. Alikaa chini palepale. "Mmemwozesha miguu," alituambia, utadhani mvua tumeileta sisi.

Ndipo akamwomba baba kipande cha ukingoni, pale kibanja kinapokwisha na rweya inapoanza. Palikuwa na udongo kiganja kimoja, chini yake mawe. Mihogo ilikataa pale. Hata njugu mawe, ambazo wanawake wetu huzipanda rweyani kwa sababu hakuna mwanaume anayezitaka, zilitoka zimekonda. Baba alikubali upesi, akafurahi na moyo wake mwema, maana hakuna wema mtamu kama kutoa kitu usichokihitaji. Baba mdogo, yule aliyemfuata baba kuzaliwa, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alisema nyasi zimepelekwa kwa nyasi wenzao.

Basi Festo akapapenda. Maji yalipita kwenye mawe bila kutuama, jua likamwangukia moja kwa moja, na akatoka kama yule mama wa kizungu alivyomtaka: kichuguu cha majani membamba, yamesimama pande zote, rangi yake si kijani bali ile ya moshi wa asubuhi juu ya paa. Shangazi alijenga nyumba ndogo ya udongo karibu naye. Kila baada ya miaka michache kichuguu kilinyonyoka katikati, kikawa na kipara, naye akamng'oa Festo mzima, akampasua kwa mikono, akatupa kilichokufa na kupanda vipande vyenye mizizi, kila kimoja shubiri moja kutoka kwa mwenzake. Mbegu hakuzitaka. Alijaribu mara moja zikaota majani ya kijani ya kawaida, akasema watoto wa nje hawafanani na baba yao.

Vile vipande alivipanga kwenye mpaka. Sisi mpaka huwekewa mulamula, mti ule mwembamba usiokufa, lakini mulamula hupandwa mbele ya wazee wa ukoo, na wazee wa ukoo hawakuwa na mpango wa kumpandia mwanamke mpaka. Basi shangazi alipanga Festo, mstari mzima kuzunguka kipande chake, na hakuna aliyemkataza kwa sababu hakuna anayeweza kukataza nyasi bila kujiaibisha.

Sasa nije kwenye Krismasi, maana ndipo uongo ulipozaliwa. Kule kwa baba walitarajia wageni, na nyasi za sakafuni hazikutosha. Mama akawatuma watu waende upande wa rweya, wakate za haraka. Wakaenda, wakaona mstari wa nyasi umekaa vizuri, hauna miiba, wakausafisha wote. Shangazi alirudi kutoka misa ya usiku akakuta vishina. Alipiga enduru, lile yowe la hatari ambalo kwetu halipigwi kwa mzaha, na baada ya enduru akatamka maneno yaliyovuka kilima chote: "Waitu, jamani! Wamemkata Festo! Wamemkata kwa panga!"

Watu walitoka na mikuki. Walitoka na marungu, na mmoja alitoka na mwiko. Waliofika mwanzo waliona ni nyasi, wakatukana, wakarudi kulala. Lakini wengi walipata habari njiani, wakageuka kabla hawajafika, na hao ndio walioipeleka habari hadi Kagoma: yule dada mtu aliyerudi kutoka mjini ana mwanaume, anaitwa Festo, na amekatwa. Baada ya wiki chache wakasikia amepona. Ni kweli alipona. Festo akikatwa chini hutoka upya, na alitoka na rangi kali kuliko zamani.

Baba mdogo alijua kabisa ni nyasi. Alikuwa wa kwanza kufika usiku ule, alizikanyaga. Lakini aliona kwamba habari ni nzuri kuliko ukweli, akaitunza, akaipalilia, akaitia samadi. Klabuni, rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, likishashuka, alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni ya kaka: "Dada yangu na yule Festo wake." Wakimwuliza Festo ni mtu wa wapi, alijibu kwamba aibu haina kabila. Mwisho akaenda hadi kwa katekista, akashtaki kwamba dada yake anaishi na mwanaume bila ndoa. Shangazi akazuiwa Komunyo.

Alikwenda kujieleza. Alimwambia katekista kwamba Festo ni nyasi. Katekista, mtu mkavu aliyekunja mikono yake muda wote, alimjibu kwamba kila mzinzi humpa mwenzake jina la utani. Shangazi alimwalika aje aone kwa macho yake. Akasema macho ya katekista hayaingii nyumba kama ile. Basi kwa miaka shangazi alikaa benchi la nyuma, wengine wakiinuka kwenda kupokea na yeye akibaki, na aliporudi nyumbani aliketi kati ya nyasi zake akichambua majani makavu kwa vidole kama anayemtafuta mtoto chawa. Watu walidhani mwenye ulimi kama ule haumwi. Alikuwa anaumwa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha Kagoma, na nyumbani nikaitwa msomi, cheo ambacho kwetu maana yake ni kuulizwa kila kitu na kutoaminiwa chochote. Siku moja alipita bwana shamba, aliyekuja kutukaripia kuhusu kahawa. Alikuwa kijana wa cheti kipya na kalamu mfukoni, na alipouona mstari wa Festo akasimama. Alisema ni ngano. Shangazi akamwambia ngano gani inakaa tangu Uhuru bila kuvunwa. Kijana akachuma jani, akalinusa, akasema ni jamii ya kitunguu. Akalitafuna, akabadili, akasema ni nyasi za kawaida zenye ugonjwa, kwa sababu rangi ile si ya afya, na ziking'olewa zichomwe moto.

"Na hiyo rangi yako wewe, mwanangu, ndiyo ya afya?" shangazi alimwuliza, akaokota jembe. Bwana shamba alikumbuka kwamba anasubiriwa mahali pengine.

Nilikasirika kwa niaba ya Festo, jambo ambalo sikulitegemea. Nilipopata safari ya Bukoba nilichukua kishada na mizizi yake, nikakifunga kwenye leso, nikampelekea mwalimu wa sayansi niliyemfahamu kule Kahororo. Huyu alikuwa mtu wa taratibu. Aliviringisha jani kati ya vidole, akanionyesha kwamba si bapa, limejikunja lenyewe mpaka likawa kama sindano. Alilifuta kwa kidole gumba, na ile rangi ya moshi ikatoka kama unga, chini yake kukawa kijani. Alitazama mizizi, akasema hii haitambai kuiba shamba la jirani, inakaa kwenye kichuguu chake. Kisha akafungua kitabu na kulitamka jina: Festuka. Nilicheka mpaka akafunga kitabu.

"Kwa hiyo ni nyasi?" nikamwuliza.

"Ni nyasi. Ila ni za kudumu. Na ni za pambo."

"Zinafanya kazi gani?"

"Kutazamwa."

Nilimletea shangazi habari hizo, jina na yote. Jina alilikataa; alisema huko kwao aitwe watakavyo, hapa amebatizwa Festo. Lakini habari ya kutazamwa ilimpendeza. "Hata mimi," alisema, akanyoosha shingo, "kazi yangu zamani ilikuwa hiyohiyo."

Halafu ujamaa ukafika kwetu, na ulifika na katibu. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mkoa mwingine kabisa, hakujua neno la Kihaya, na alikuwa na imani na watu, kitu ambacho kwa kazi ile ni hatari. Mkutano ulifanywa ndani ya ghala la kahawa. Alieleza kwamba wenye migomba na kahawa hawataguswa, lakini rweya sasa ni ya kijiji, kutakuwa na shamba la pamoja. Vile vipande vya ukingoni vitaangaliwa kimoja kimoja. Penye makazi, mazao ya kudumu na mkuu wa kaya, mtu abaki. Pasipo na mkuu wa kaya, kijiji kinapachukua na kumpa mwenye nguvu za kupalima.

Mwenye nguvu alikuwa ameketi mstari wa mbele, amevaa shati lililopigwa pasi. Baba mdogo hakuwa na haja na mawe yale. Alikuwa ameona tu kwamba barabara ya kijiji itapita hapo, na mtu akiwa na nyumba kando ya barabara anaweza kuuzia watu rubisi bila kutoa jasho.

"Kipande cha mwisho," katibu alisema. "Chenye nyumba ya udongo na mimea ya rangi ya moshi. Mkuu wa kaya nani?"

Baba yangu akatazama viatu vyake. Baba alikuwa mtu mwema, na mtu mwema kwetu siku kama ile hutazama viatu.

Shangazi akasimama. "Ni pangu, ndugu katibu."

"Sawa, mama. Lakini nauliza mkuu wa kaya. Mumeo ni nani?"

Hapo baba mdogo hakujizuia. Angenyamaza tu, kipande kilikuwa chake. Lakini mtu aliyekula utamu wa uvumi miaka yote hawezi kuuona umewekwa mezani akaacha kuonja. Akageuka nyuma kwa watu, akacheka. "Mume gani, ndugu katibu! Huyu ana Festo wake tu."

Katibu akainua kalamu. "Festo. Ndiye mkuu wa kaya?"

Nilikuwa nimekaa karibu na shangazi, nikamwona akimtazama ndugu yake. Alimtazama kwa upole kabisa, kama unavyomtazama kuku aliyeingia jikoni mwenyewe.

"Ndiye," alisema.

"Mbona hakuja mkutanoni?"

"Hawezi kutembea, ndugu katibu. Miguu ilimwoza, mvua za kule kibanjani. Kidogo afe. Akapata nafuu nilipomhamishia kwenye mawe."

"Pole sana, mama," alisema katibu, na alimaanisha. "Yupo hapo tangu lini?"

"Tangu Uhuru. Hajawahi kulala nje ya shamba lake usiku hata mmoja."

Mahali fulani nyuma yangu mwanamke mmoja alianza kukohoa, na kikohozi kikaambukiza benchi zima la wanawake.

"Si mlevi?"

"Huyo? Hata maji yenyewe humshinda."

"Mna watoto?"

"Anao. Wametoka mwilini mwake, wamefanana naye kama alivyo. Wamesimama mpakani, mvua yao, jua lao."

Katibu akaweka kalamu chini. Akatugeukia sote, na sauti yake ikapanda ya mkutanoni. Alisema tumsikie mama huyu. Alisema hapa kuna ndugu mlemavu ambaye hakukimbilia mjini, halewi, hazururi, na amelea watoto wanaolinda ardhi usiku na mchana, wakati sisi wazima tumeketi tukikohoa. Alituomba tumpigie makofi Festo. Tukampigia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Baba mdogo alisimama, jasho limelowanisha shati la pasi. "Ndugu katibu, huyo Festo... Festo ni..."

"Ni nini, ndugu?"

Kwenye mstari uleule wa mbele, mikono imekunjwa, alikuwa ameketi katekista. Alikuwa amegeuza kichwa na anasubiri kama sisi wengine. Baba mdogo akimaliza sentensi ile, basi itajulikana kwamba alimdanganya katekista, na kwa uongo wake dada yake alinyimwa Mwili wa Bwana miaka yote ile. Asipoimaliza, kipande kimekwenda. Nilimwona akipima.

"Ni mtu mkimya," alisema, akaketi.

Basi kipande kikawa cha Festo. Kwa kauli ya katibu, mbele ya kijiji chote, nyasi zikapewa ardhi katika ukoo ambao haukuweza kumpa ardhi binti yake mwenyewe. Na zilikuwa raia wazuri tu. Siku za kazi za pamoja Festo hakutokea hata mara moja. Alikwenda shangazi na jembe lake, akalima sehemu ya watu wawili, akisema mwenyewe amemtuma. Katibu hakushangaa. Nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa wanahudhuria kwa njia hiyohiyo, na wao miguu yao ilikuwa mizima.

Wiki ile katekista alikuja kumwona mgonjwa. Huruma ilimshinda, akaja na rozari na chupa ya maji ya baraka, akabisha hodi. Shangazi alimkaribisha, akamchukua hadi mpakani, akamwonyesha. "Huyu hapa." Katekista alitazama mstari ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakaa juu ya jiwe. Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakuomba msamaha, hakuwa mtu wa aina hiyo. Jumapili iliyofuata alimtuma mtu akamwambie shangazi asogee mbele, na akapokea Komunyo. Waumini walielewa kwamba ndoa imefungwa kimyakimya kwa sababu ya hali ya bwana harusi. Katekista aliwaacha waelewe hivyo, na dhambi hiyo sijui aliiungama kwa nani.

Shangazi aliishi nyumbani kwake hadi mwaka ule sabuni ilipoadimika. Mimi sikuolewa. Shule ilinihamishia karibu, nikaenda kukaa naye, na nikajifunza kumgawa Festo: kuchimba baada ya mvua kubwa, kupasua kwa mikono bila kutumia panga, kutupa moyo uliokufa bila huruma. Alinitukana kila nilipokosea. Alipoanza kuumwa hakulalamika juu ya maumivu. Aliniuliza jambo moja tu, akaliuliza kila siku, kama nilikuwa na hakika kwamba hawatamrudisha kule kwenye magunia.

Alipofariki, baba mdogo alikuja akilia kweli, maana alikuwa dada yake. Kisha akafuta machozi, akasema kaburi lichimbwe kibanjani kwa kaka, kwa sababu binti huzikwa kwao. Wazee wakaitikia. Baba, akiwa mzee sasa, akatafuta viatu vyake kwa macho.

Katekista ndiye aliyesema. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo. "Mke huzikwa kwa mumewe," alisema.

"Mume gani?" akauliza baba mdogo.

"Festo," alisema katekista, na hakupepesa jicho. "Wewe ndiye uliyenijulisha habari zake. Na mbele ya katibu ulimshuhudia kwamba ni mtu mkimya."

Wakachimba kwenye mawe. Ilichukua muda, udongo wenyewe hakuna, na wanaume walilalamika kila jembe lilipogonga jiwe. Nilimpanda Festo kumzunguka, vipande vizuri vyenye mizizi, shubiri kwa shubiri. Fundi wa msalaba alikuja kuniuliza aandike mke wa nani. Nilimwambia aandike jina la marehemu, jina lake yeye, liwe kubwa, na ubao ujae.

Arobaini ilipopita baba mdogo alikuja peke yake. Alikaa kwenye jiwe lile la katekista, akazunguka mbuyu kidogo, mvua, kahawa, afya yangu, hadi akafika alikokuwa anakwenda. Alisema ni vizuri kwamba ninafundisha, lakini mwanamke asiye na mume kukaa ukingoni peke yake ukoo hauoni raha, na kwamba sasa dada hayupo, ni jambo la kawaida kipande kirudi nyumbani.

"Kirudi vipi, Tata?" nikamwuliza, nikimwita baba kwa Kihaya. "Mwenyewe bado yu hai."

Alinyanyua macho. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na Festo alikuwa amesimama kwenye mpaka wote na kuzunguka kaburi, ana rangi ile ya moshi, kila jani limeshika tone. Baba mdogo alitazama muda mrefu. Aliokota fimbo yake, akainuka, akaanza kuondoka, kisha akasimama bila kugeuka.

"Basi msalimie," alisema.